Tone Linalopanda Mteremko: Ulowanifu wa Nyuso na Namna ya Kuueleza kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Mkazi wa Fizi hahitaji kuthibitishiwa usemi huo: mto Mutambala huteremka kutoka milimani hadi Ziwa Tanganyika, wala hakuna aliyewahi kuuona ukigeuka na kupanda. Hata hivyo, mwaka 1992 wanakemia wawili, Manoj Chaudhury na George Whitesides, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio ambamo tone la maji lilipanda mteremko wa nyuzi 15. Halikusukumwa na upepo, wala halikuvutwa kwa pampu au umeme. Lilipanda kwa sababu uso lililowekewa haukuwa sawa: upande wa chini uliyakataa maji, na upande wa juu uliyapokea.

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza jinsi tone la kimiminiko linavyotembea juu ya uso ambao sehemu zake hazilowani kwa kiwango kimoja. La pili ni kuonyesha kwamba maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili, na kwamba katika jambo moja muhimu muundo wa Kiswahili unamkaribisha mwanafunzi kwenye ukweli wa fizikia kuliko istilahi anayoipata darasani.

Suala hili si la anasa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Katika shule za sekondari na taasisi za elimu ya juu, za Fizi na Baraka zikiwamo, fizikia hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi hukutana na neno mouillabilité ubaoni, akalinakili na kulikariri, na mara nyingi akaondoka asijue kwamba jambo linalotajwa amelitazama tangu utotoni kwenye jani la gimbi shambani kwao.

2. Tone na pembe yake

Tuanze na tone lenyewe. Ndani ya maji kila molekuli huvutwa na jirani zake kutoka pande zote. Iliyoko usoni haina jirani wa maji upande wa hewa. Kwa hiyo huvutwa zaidi kuelekea ndani. Matokeo yake ni kwamba uso wa maji hujikaza na kutafuta eneo dogo kabisa, kana kwamba ni ngozi iliyowambwa. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso. Kwa maji safi yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, mvutano huo ni takriban niutoni 0.072 kwa kila mita. Ndiyo sababu tone dogo linaloelea hewani huwa na umbo la tufe: hakuna umbo jingine lenye uso mdogo zaidi kwa ujazo ule ule.

Tone likitua juu ya kitu kigumu, hali hubadilika. Sasa kuna pande tatu zinazokutana: maji, hewa na kigumu. Mahali zinapokutana, kuzunguka tone lote, pana mstari ambao tutauita mstari wa mguso. Ukilitazama tone kwa ubavuni, utaona kwamba uso wa maji unakutana na uso wa kigumu kwa pembe fulani, inayopimwa ndani ya maji. Hiyo ndiyo pembe ya mguso.

Pembe hiyo hutueleza uhusiano uliopo kati ya maji na kigumu. Ikiwa ndogo, maji yamejitandaza, kigumu kimeyapokea. Ikizidi nyuzi 90, maji yamejikusanya na kukiepuka kigumu. Kwenye kioo kilichosafishwa vizuri pembe hukaribia sifuri. Kwenye nta hufika zaidi ya nyuzi 100. Kwenye jani la gimbi hupita nyuzi 150, na tone huonekana kama lulu inayobiringika.

Kanuni inayotawala pembe hii ilitolewa na Mwingereza Thomas Young mwaka 1805. Katika mstari wa mguso kuna mivutano mitatu inayoshindana: wa kigumu na hewa, wa kigumu na maji, na wa maji na hewa. Tone hutulia pale mivutano hiyo inaposawazishana. Ukiutoa mvutano wa kigumu na maji kutoka katika mvutano wa kigumu na hewa, utapata mvutano wa maji na hewa mara kosaini ya pembe ya mguso. Inafaa wanaisimu wakumbuke kwamba Young mwenyewe aliieleza kanuni hii kwa maneno matupu, bila kuandika mlinganyo wowote. Mlinganyo tunaoukuta leo katika vitabu uliandikwa na waliomfuata. Lugha ya kawaida ilitangulia, alama za hisabati zikaja baadaye.

3. Suala la istilahi

Tuipe jina gani sifa ya uso kulowana kwa urahisi au kwa shida? Kiswahili kina mzizi unaojulikana na kila mzungumzaji, yaani kitenzi lowa. Kutokana na mzizi huo tunaweza kuunda nomino zaidi ya moja, na hapa ndipo umakini unapohitajika.

Nomino ya kwanza inayojitokeza ni ulowevu. Lakini kiambishi tamati -vu katika maneno ya namna hii hutaja hali ambayo imekwisha kuingia: aliyechoka ana uchovu, kilicholegea kina ulegevu. Kwa kufuata mkondo huo, ulowevu ni hali ya kitu ambacho tayari kimelowa. Jani la gimbi kavu na kioo kikavu vyote havina ulowevu, ilhali tabia zao mbele ya maji ni tofauti kabisa. Neno hili basi halitufai kwa sifa tunayoitafuta.

Nomino ya pili ni ulowekaji. Hii inatokana na loweka, na kila mama wa Fizi anajua maana ya kuloweka: muhogo hutiwa majini siku kadhaa hadi ulainike, ndipo uanikwe na kutwangwa. Katika kuloweka, maji huingia ndani ya kitu. Katika jambo tunalolijadili, maji hukaa juu ya uso tu, na uso unaweza kuyapokea bila kunyonya hata chembe. Kioo ni mfano mzuri. Ulowekaji ungempotosha mwanafunzi tangu hatua ya kwanza.

Pendekezo la makala haya ni ulowanifu, kutokana na lowana. Njia ya uundaji si ngeni: lingana hutupa linganifu na ulinganifu, patana hutupa patanifu na upatanifu. Kiambishi -ifu hutaja mwelekeo au uwezo wa kitu, nacho ndicho tunachokitaka. Uso unaopokea maji ni uso lowanifu. Unaoyakataa si lowanifu.

Tena, kiambishi -an- kilichomo katika lowana kina faida nyingine. Katika vitenzi kama ambatana, shikana na ungana, kiambishi hicho hudokeza kwamba jambo haliwezi kutendeka kwa upande mmoja. Istilahi ya Kifaransa, kwa umbo lake, huibebesha sifa upande mmoja: ni kitu kinachoweza kuloweshwa. Lakini fizikia inatufundisha kwamba pembe ya mguso si mali ya kigumu peke yake wala ya kimiminiko peke yake. Nta inayoyakataa maji huyapokea mafuta ya mawese bila taabu. Ulowanifu ni uhusiano wa wawili, na neno letu linalisema hilo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Istilahi nyingine tatu zitahitajika: ukingo wa tone, yaani sehemu moja ya mstari wa mguso; mteremko wa ulowanifu, yaani uso ambao ulowanifu wake hubadilika hatua kwa hatua kutoka upande mmoja hadi mwingine; na ukaidi wa ukingo, ambao tutaufafanua katika sehemu ya tano.

4. Uso usio sawa

Sasa tunaweza kulijibu swali letu kuu. Juu ya uso ulio sawa, kila sehemu ya ukingo wa tone huvuta kuelekea nje kwa nguvu ile ile. Upande wa kushoto unavuta kushoto, wa kulia unavuta kulia, na tone linabaki mahali pake, kama kamba ya mashindano ambayo timu zake zina nguvu sawa.

Tuseme uso si sawa, na upande wa kulia ni lowanifu zaidi. Ukingo wa kulia unakuta kigumu kinachoyapenda maji. Pembe yake inapungua na mvuto wake unaongezeka. Ukingo wa kushoto uko kwenye sehemu isiyoyataka maji; mvuto wake ni dhaifu. Mizani imevunjika. Tone linaelekea kulia, yaani kwenye ulowanifu mkubwa zaidi. Hakuna mkono unaolisukuma kutoka nje. Kinachoendesha mwendo ni tofauti iliyopo kati ya kingo mbili za tone lile lile.

Katika jaribio la mwaka 1992, Chaudhury na Whitesides walitumia kibao cha silikoni kilichong'arishwa. Walikiweka karibu na kemikali inayotoa mvuke, yenye mnyororo wa kaboni kumi, ambayo hushikamana na uso na kuufanya uyakatae maji. Upande ulio karibu na kemikali ulipata mvuke mwingi, wa mbali ulipata kidogo. Hivyo pembe ya mguso ilibadilika kutoka nyuzi 97 hadi nyuzi 25 ndani ya umbali wa sentimita 1 tu. Kibao kiliinamishwa nyuzi 15, upande unaoyakataa maji ukiwa chini. Tone la mikrolita 1 hadi 2 lilipowekwa chini lilipanda kwa mwendo wa wastani wa milimita 1 hadi 2 kwa sekunde.

Hesabu ya kukadiria itatuonyesha kwa nini uzito haukulizuia. Tuchukue tone lenye upana wa milimita 2 katikati ya kibao hicho, na tudhani kwamba pembe inabadilika kwa hatua zilizo sawa. Tofauti kati ya kingo mbili ni kama nyuzi 14: nyuma nyuzi 68, mbele nyuzi 54. Tofauti ya kosaini za pembe hizo ni 0.21. Ukiizidisha kwa mvutano wa uso na kwa upana wa tone, utapata nguvu ya takriban mikroniutoni 31. Tone lenyewe lina ujazo wa kama mikrolita 1 na uzito wa mikroniutoni 10. Lakini kwenye mteremko wa nyuzi 15, sehemu ya uzito inayolivuta chini ni mikroniutoni 2.6 tu. Mvuto wa kupanda unazidi wa kushuka zaidi ya mara kumi. Kwa kuwa ukingo wa tone ni mviringo, nguvu halisi ni pungufu kidogo ya hiyo, lakini hitimisho halibadiliki.

Mto Mutambala haufaidiki na hesabu hii, na sababu yake ni ukubwa. Nguvu ya ukingo hukua kulingana na upana wa tone, bali uzito hukua kulingana na ujazo. Upana ukiongezeka mara kumi, uzito huongezeka mara elfu. Kwa maji, mpaka kati ya milki hizi mbili uko karibu na milimita 2.7: chini ya kipimo hicho mvutano wa uso hutawala, juu yake uzito hushika usukani. Kwa hiyo usemi wa wahenga haukutenguliwa, umewekewa mpaka.

5. Ukaidi wa ukingo

Ikiwa tofauti ndogo ya ulowanifu inatosha kulitembeza tone, kwa nini matone hayatembei huku na huko juu ya kila sahani na kila dirisha? Hakuna uso wa kawaida ulio sawa kabisa. Kila kioo kina alama za vidole, na kila bati lina madoa.

Jibu ni kwamba ukingo wa tone hauko tayari kuhama mara moja. Tazama tone la mvua lililoning'inia kwenye kioo kilichosimama wima. Upande wake wa chini umevimba, pembe yake ni kubwa. Upande wa juu umenyooka, pembe yake ni ndogo. Tone limebadili umbo, lakini halijaondoka. Kila uso una pembe mbili za mpaka: pembe ya kusonga mbele, ambayo ukingo lazima uifikie kabla ya kuvamia sehemu kavu, na pembe ya kurudi nyuma, ambayo lazima uishukie kabla ya kuiacha sehemu iliyolowa. Kati ya pembe hizo mbili ukingo hukaa tu. Pengo hilo ndilo tunaloliita ukaidi wa ukingo. Husababishwa na mikwaruzo, vumbi, na viraka vidogo vya uchafu ambavyo humnasa mpitaji kama miiba inavyonasa nguo.

Turudie hesabu yetu. Kama ukaidi wa uso ule ungekuwa nyuzi 14, sawa na tofauti ya kingo mbili, nguvu yote ya mikroniutoni 31 ingemalizwa na ukaidi, na tone lisingesogea. Ukiwa nyuzi 10, unameza kama mikroniutoni 22, na zinabaki 9, ambazo bado zinatosha kuushinda uzito. Chaudhury na Whitesides walisema wazi kwamba ili tone liende, ukaidi haukupaswa kuzidi nyuzi 10. Ugumu wa jaribio lao ulikuwa katika kuutengeneza uso safi na laini usiokuwa na miiba hiyo.

Kwa hiyo kanuni kamili ina sehemu mbili: tone huelekea kwenye ulowanifu mkubwa zaidi, na huondoka pale tu tofauti ya kingo zake inapouzidi ukaidi. Mwanafunzi anayefundishwa sehemu ya kwanza bila ya pili ataona kila siku matone yaliyotulia, na atadhani kwamba fizikia ya kitabuni haihusu ulimwengu wake.

Ziko njia za kuusaidia ukingo uushinde ukaidi. Mojawapo ni mtikisiko. Nyingine ni muungano wa matone. Mwaka 2001 Susan Daniel, Chaudhury na John Chen walipitisha mvuke wa maji juu ya uso baridi wenye mteremko wa ulowanifu. Matone yaliyotokana na mvuke yalikutana na kuungana, na kila muungano ulitoa nishati iliyoyarusha. Mteremko uliyaelekeza kwenye upande ulio lowanifu zaidi. Matone madogo, ya milimita 0.1 hadi 0.3, yalikwenda kwa kasi iliyozidi mara mamia hadi maelfu ile ya miondoko ya kawaida inayotokana na tofauti za mvutano. Faida yake inatazamiwa katika vyombo vya kupoza, ambamo maji yaliyotokana na mvuke juu ya bomba huzuia joto lisipite na hivyo hutakiwa kuondoka upesi.

6. Gimbi, mbawakawa na bomba la dawa

Maumbile yalitangulia maabara. Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walieleza kwa nini jani la yungiyungi takatifu la Asia halishiki maji wala uchafu. Uso wake una vinundu vidogo vilivyofunikwa na chembechembe za nta. Tone hukaa juu ya ncha za vinundu, chini yake pakiwa na hewa. Jani la gimbi ni la namna hiyo hiyo. Tone halina mahali pa kushika, ukaidi ni mdogo mno, na mwinamo kidogo tu hulibiringisha pamoja na vumbi.

Katika jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, wako mbawakawa ambao husimama kichwa chini wakati wa ukungu ili maji yanayojikusanya mgongoni yatiririke hadi kinywani. Tabia hiyo iliripotiwa mwaka 1976. Mwaka 2001 Andrew Parker na Chris Lawrence walieleza kwamba mgongo wa mbawakawa mmojawapo una vinundu vinavyoyapokea maji, vikizungukwa na mabonde ya nta yanayoyakataa. Maelezo hayo yamezua mjadala juu ya jamii ya mdudu na umuhimu halisi wa vinundu, lakini wazo la kukusanya maji ya ukungu kwa uso usio sawa limeendelea kuwavutia wahandisi.

Mkulima naye anakutana na ulowanifu kila anapobeba bomba la kunyunyizia dawa. Matone yanayoangukia majani yenye nta, kama ya kabichi, hubiringika na kupotea ardhini. Wanaotia sabuni kidogo katika dawa wanaupunguza mvutano wa uso, pembe inashuka, na dawa inatandaa. Wanayajua matokeo, kinachokosekana ni jina la jambo lenyewe na sababu yake.

7. Majaribio yasiyohitaji maabara

Kuna majaribio matatu yanayoweza kufanywa katika darasa lolote la Baraka au Fizi.

La kwanza: osha kipande cha kioo kwa sabuni, kisuuze mara nyingi, kikauke. Sugua nusu yake kwa mshumaa hadi pawe na utando mwembamba wa nta. Kilaze, kisha dondosha tone dogo juu ya mpaka. Tone litahamia upande usio na nta na kutulia huko. Wanafunzi waulizwe kwa nini limetulia. Jibu ni kwamba likishaingia lote upande mmoja, kingo zake zimekuwa sawa tena. Mpaka mmoja hutoa hatua moja. Safari ndefu huhitaji mteremko.

La pili: chukua jani bichi la gimbi, usugue sehemu moja kwa kidole ili kuiharibu nta, kisha ubiringishe tone juu ya jani. Litakimbia hadi kwenye alama ya kidole na kunasa hapo. Hapa wanafunzi wataona ulowanifu na ukaidi kwa mara moja.

La tatu: dondosha maji, kisha mafuta ya mawese, juu ya nta ile ile. Maji yatajikusanya, mafuta yatatandaa. Jaribio hili ndilo linalohalalisha kiambishi -an- cha istilahi yetu.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba tone huendeshwa na tofauti iliyopo kati ya kingo zake, kwamba huzuiwa na ukaidi wa uso, na kwamba utawala huu una mpaka wa milimita chache. Tumeona pia kwamba ulowanifu, pembe ya mguso, mstari wa mguso na ukaidi wa ukingo ni istilahi zinazojengwa kwa mali ya Kiswahili chenyewe.

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi ina historia ndefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Wazungumzaji wa Kivu hawapaswi kubaki wapokeaji tu wa kazi hiyo. Istilahi zilizopendekezwa hapa zipimwe darasani, mbele ya kioo, mshumaa na jani la gimbi. Ile itakayomsaidia mwanafunzi kutabiri upande ambao tone litaelekea ibaki, itakayoshindwa iachwe. Kipimo cha istilahi ni kama inamwezesha anayeitumia kufikiri, na kipimo hicho walimu wa Fizi na Baraka wanaweza kukitumia wenyewe, kwa lugha ambayo wanafunzi wao tayari wanaifikiria.